Pazia la Chumba cha Muuguzi

6 Februari

Dada yangu,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, nikikumbuka. Leo sina hali. Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yaanze kukusaliti tunaishia kupigiana kelele mpaka majirani wanadhani tunagombana.

Jana Chiriku alirudi na bahasha ya shule, imepakwa gundi pande zote utadhani sisi wazazi ni wezi wa barua zetu wenyewe. Niliisoma nikiwa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedeli. Wanasema mwanangu hawezi kuendelea na darasa la tatu. Hafuati ubao, hanakili, daftari lake halina sentensi hata moja iliyokamilika. Kwa kuwa macho yamepimwa na ni mazima, na masikio yamepimwa na ni mazima, basi wameamua tatizo ni "uwezo mdogo wa akili", na muhula ujao atahamishiwa darasa la nyuma, lile wanakokusanywa watoto walioonekana hawafundishiki. Kamati ya shule inakaa tarehe 14 Machi kuthibitisha. Mzazi anaruhusiwa kuhudhuria.

Uwezo mdogo wa akili, Dada! Chiriku huyu, ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina hilo kwa sababu hafungi mdomo tangu alipojua kuongea. Mtoto wa miaka tisa anayenitajia vipimo vya wateja wangu wote, kifua, kiuno, urefu wa mkono, bila kugusa daftari. Sasa amenyamaza. Akirudi shule anavua viatu, anaingia chini ya meza ya kukatia, na kukaa humo akipangapanga vipande vya nguo hadi nimwite kula. Baba yake yuko safarini na lori, na kwa simu ameniambia nisubiri arudi. Nisubiri nini?

Wewe ulichapa barua za ofisi ya elimu miaka thelathini na moja. Unaijua milango yao. Niambie nigonge upi.

Wasalimie wajukuu. Umeona, nimekumbuka.

Mdogo wako,
Fundi

11 Februari

Fundi wangu,

Kwanza acha kulia juu ya karatasi, wino umenichafulia vidole na blauzi.

Usisubiri shemeji arudi. Nenda kesho shuleni, uombe kuona jalada la mtoto. Ni haki yako, waraka upo, niliuchapa mwenyewe na nakala zake zikagawiwa kila shule. Watakwambia mwenye funguo hayupo. Kaa kwenye benchi, toa ushonaji wako, mngoje mwenye funguo. Unaweza pia kudai apimwe mara ya pili. Na ujue mtoto si lazima ahamishwe ndipo asaidiwe. Anaweza kubaki darasani kwake, akapewa dawati la mbele, vitabu vya maandishi makubwa, lenzi ya kukuzia maneno, hata mwalimu wa kuja kumwangalia mara moja kwa wiki. Vitu hivyo vipo stoo ya ofisi ya elimu. Orodha yake nimeichapa mara nyingi. Vinakaa humo vinakula vumbi kwa sababu hakuna anayeviomba.

Lakini kuna jambo linanikera. Mlipokuja likizo, Chiriku alinisomea gazeti amelibandika puani, nikamwambia atatoka na habari za michezo usoni. Alipotaka kujua kama aliyekaa kwenye kiti ni mimi au ni koti langu, alikuja kugusa. Macho ya mtoto huyo ni mazima kivipi? Huyo muuguzi wa shule aliyeandika "mazima" alimpima kwa nini, kwa harufu? Nimekaa ofisini, nawajua watu wanaojaza fomu bila kunyanyua uso. Hapo ndipo tutakapowakamata, mdogo wangu. Muuguzi akianguka, tathmini yote inaanguka naye.

Niachie mimi. Taipu yangu ina utepe mpya.

Dada yako

17 Februari

Dada,

Tafadhali usimguse muuguzi. Ni mtu mwema. Ndiye aliyemfunga Chiriku mkono alipoanguka ngazini, akambeba mgongoni hadi nyumbani. Huenda macho ya mtoto yameharibika baada ya kupimwa. Huenda siku ile kulikuwa na mwanga mzuri. Tuombe tu apimwe tena, mengine tuyaache.

Jalada nimeliona. Nilikaa kwenye benchi kwa saa nne nikashona lapeli mbili za koti, mwenye funguo akapatikana. Hakuna lolote zaidi ya yale ya kwenye barua.

Kisha nikaenda kuliona darasa la nyuma. Liko nyuma ya jiko, zamani lilikuwa stoo ya kuni. Nusu ya chumba ni madawati yaliyovunjika, yamepangwa hadi darini. Nusu nyingine wamo watoto kumi na mmoja, wa miaka sita hadi kumi na saba, kila mmoja na lake. Mama anayewaangalia aliajiriwa kuosha masufuria. Anawapenda, hilo nimeliona, amewakata kucha wote. Ubao hakuna. Kitabu hakuna.

Mlangoni alikuwapo binti mkubwa kidogo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shikamoo, Fundi." Nilimshonea sare zamani, amenijua kwa mlio wa kiatu. Haoni. Nikamuuliza amekaa humo muda gani, akasema mwaka wa sita. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimeleta kitu cha kusomewa.

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na futi ya kupimia na pini. Dada, nitafanya lolote mwanangu asiingie mle. Ila muuguzi mwache.

Fundi

22 Februari

Fundi,

Umechelewa. Barua ilikwisha kwenda tarehe kumi na mbili: kwa mwalimu mkuu, nakala ofisi ya elimu, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Nimesema muuguzi alijaza fomu bila kupima na nimetaka achukuliwe hatua. Nimetia saini jina langu lote na cheo changu cha zamani.

Huruma yako itakuponza. Kati ya muuguzi na mtoto, chagua mtoto.

Dada yako

1 Machi

Mama Chiriku,

Nakuandikia kwa sababu nimekatazwa kufika eneo la shule hadi kamati ikae. Chumba changu kimefungwa kwa kufuli, dawa zangu wamezihesabu mbele ya walimu kama vile nimeiba. Ninashtakiwa kuandika matokeo ya uongo ya mwanao. Barua imetoka kwa dada yako.

Sijui nimekukosea nini. Nilimpima Chiriku. Wewe ulikuwapo! Ulikuwa umesimama kwenye kigoda, unatundika mapazia uliyonishonea, na ulimsikia akisoma herufi zote hadi mstari wa mwisho. Nilimpigia makofi, unakumbuka? Siku ile watoto arobaini walipita mikononi mwangu na ni yeye tu ambaye hakukosea.

Nina miaka kumi na tisa kazini na mama mgonjwa ninayemtunza. Sikuombi unitetee kwa lolote usilolijua. Sema ulichokiona tu, kwamba nilimpima. Neno moja: alimpima. Ninakuomba.

Muuguzi

3 Machi

Dada,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye pazia.

Mwezi wa Septemba shule ilinipa kazi ya kushona mapazia ya chumba cha muuguzi. Nilikwenda kupima dirisha. Kwenye ukuta wa pili pametundikwa ule ubao wa kupimia macho, herufi moja kubwa juu, chini yake mbili, kisha tatu, zinazidi kuwa ndogo hadi mstari wa nane. Asubuhi hiyohiyo, langoni, mzazi mmoja alikuwa ameniambia kwamba mtoto akishindwa ule ubao jina lake linaandikwa, na anayeandikwa anaishia darasa la nyuma. Na mimi nilikuwa najua Chiriku haoni mbali. Nilijua, Dada. Mama gani hajui? Nilikuwa najidanganya kwamba akikua yatakaa sawa.

Nikapima dirisha mara tatu. Mara ya kwanza nilipima dirisha. Mara mbili zilizobaki nilinakili herufi kwenye karatasi yangu ya kukatia, pini mdomoni, naye muuguzi amekaa palepale anaandika. Alinimiminia chai.

Nyumbani nikakata herufi zote kwa vipande vya nguo nzito, nikazishona juu ya shuka kuukuu kwa mpangilio uleule. Chiriku alizijifunza kwa vidole. Kila alasiri, wiki tatu, mimi nagonga meza kwa rula, yeye anataja. Nilikuwa nimeshamwona muuguzi anavyowapima wengine: foleni ndefu, anaanza juu, anashuka kwa mpangilio, kila herufi anaigonga kwa fimbo. Siku ya kupima nikajipangia ndiyo iwe siku ya kutundika mapazia. Mwanangu hakukosea hata moja. Muuguzi akapiga makofi, na mimi juu ya kigoda nikatabasamu.

Sasa unaona. Kwa sababu nilimpa macho "mazima", wao wamempa akili "ndogo". Nilimficha asiingie chumba kile, kumbe ndiyo nilikuwa namsukuma mlangoni. Na sasa mwanamke mwema anapoteza kazi kwa uongo wangu na kwa taipu yako.

Nina aibu hata kutia saini.

7 Machi

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaifungia kwenye kabati la vyombo wajukuu wasiione. Nimekasirika mpaka magoti yameacha kuniuma.

Sasa nisikilize vizuri. Usiseme. Ukisema, hilo tu ndilo watakalolisikia: mama ni mdanganyifu. Kila utakaloomba baada ya hapo litaonekana ni hila nyingine. Watasema wewe na mtoto wako mmezoea. Watakunyang'anya kazi ya kushona sare za shule. Na jina langu liko chini ya mashtaka yale, usisahau. Muuguzi ni mtu wa serikali, atapewa onyo la maandishi, mwaka ukipita hakuna atakayekumbuka. Mtoto akiingia mle hatoki. Omba apimwe upya, kisha funga mdomo.

Unaniuliza moyoni nawajuaje hivi. Maneno hayo, "uwezo mdogo wa akili", nimeyachapa mimi. Kila muhula orodha ilikuja mezani kwangu, majina na shule zao, nakala tatu. Sikuwahi kuuliza juu ya jina hata moja. Nilichojali ni maandishi yasipinde pembeni. Yule binti uliyemkuta mlangoni, mwaka wa sita, hesabu mwenyewe. Nilikuwa bado kazini. Tangu nisome barua yako ile nimekuwa nikijaribu kukumbuka jina lake na sijaweza, maana sikulisoma, nililichapa tu.

Kwa hiyo si kwamba sina roho. Nawajua. Usiseme.

Dada yako

12 Machi

Muuguzi,

Siku kumi na moja sijakujibu. Si kwa kiburi. Nimeandika karatasi nne na zote nimezitia jikoni.

Keshokutwa nitakuja kwenye kikao. Nitakuwa na kitambaa. Sijui kama nitakuwa na ujasiri wa kukikunjua.

Mama Chiriku

16 Machi

Dada,

Nimesema.

Nitakusimulia ilivyokuwa, usije ukasikia kwa wengine. Kikao kilikuwa chumba cha walimu, meza ndefu, watu saba na majalada yao, feni inalia juu. Muuguzi aliwekwa kiti peke yake karibu na mlango. Walianza na barua yako. Mwenyekiti aliisoma yote kwa sauti, hadi pale ulipoandika "labda alimpima kwa harufu", na mtu mmoja akacheka. Muuguzi hakucheka wala hakulia. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa imekumbatia mfuko.

Maneno yako nilikuwa nayo kifuani, usiseme, usiseme. Mwenyekiti akauliza kama mzazi ana la kuongeza. Nikafungua mdomo niseme "naomba apimwe upya", kama ulivyonifundisha. Badala yake nikakitoa kitambaa chenye zile herufi, nikakitandaza mezani juu ya majalada yao.

Nilieleza yote. Dirisha, karatasi, rula. Mwenyekiti akasema, "Huu ni udanganyifu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na sasa unataka tukuamini?" Nikamwambia, "Msiniamini. Mpimeni mtoto."

Muuguzi akainuka bila kuombwa. Akaomba funguo za chumba chake, akarudi na ubao mwingine, wenye herufi tofauti, bado umefungwa karatasi ya kiwandani. Akautundika. Chiriku akaitwa, akasimama kwenye mstari, mikono nyuma. Muuguzi akagonga herufi ya kwanza, ile kubwa kuliko zote.

Chiriku akataja herufi ya ubao wa zamani.

Akagonga ya pili. Ya ubao wa zamani. Ya tatu. Dada, mtoto aliendelea hivyo, sauti kavu kabisa, mstari kwa mstari, anausoma ubao ambao haukuwapo ukutani, na hakuna aliyemzuia. Alishuka hadi wa nane. Kisha akanigeukia kuona kama amepatia. Nilitamani sakafu ipasuke.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu wake, yuleyule aliyeandika kwamba akili ni ndogo. Alikuwa amehesabu kwa penseli. "Thelathini na sita," alisema, "bila kuruka." Aliinama akawa anafuta miwani yake.

Chiriku anabaki darasa la tatu. Dawati la mbele, lenzi, vitabu vya maandishi makubwa kutoka kwenye ile stoo yako, na hospitali ya macho kabla mwezi huu haujaisha. Muuguzi amerudishwa kazini na onyo, kwa kuwa hakutakiwa kupima kwa mpangilio uleule kila mwaka. Mimi kazi ya sare nimenyang'anywa, hapo ulitabiri sawa. Kabla hatujatoka nikauliza yule binti wa darasa la nyuma alipimwa lini. Hakuna aliyejua. Kwa hiyo usiifunike taipu yako. Jina lake nimeliandika kwenye karatasi ndogo humu ndani, safari hii lisome.

Leo asubuhi nimekuta mapazia mlangoni pangu. Yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa kona kwa kona. Hakuna barua. Nimekaa nayo mapajani mpaka mteja wa kwanza akabisha hodi.

Fundi

20 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii ina karatasi saba kwa sababu herufi zangu ni kubwa. Mwalimu amesema niandike kubwa ninavyotaka.

Daktari wa macho alisema macho yangu hayatapona yote ila yataharibika polepole zaidi, na nina miwani mizito na lenzi. Lenzi ina taa! Nimeona kwamba nzi ana nywele. Nimeona una kidoti kidevuni kwenye picha yako, mama anasema kipo siku zote.

Yule dada wa darasa la nyuma amepimwa, na barua yako mwalimu mkuu ameisoma amesimama. Sasa Jumatano anakuja mwalimu wa kumfundisha kusoma kwa vidole. Nilimpa kile kitambaa cha mama ajaribu, akakimaliza siku moja, akasema hakina maana yoyote, nani alikiandika. Tulicheka sana.

Mama ameniomba msamaha kwa kunifundisha uongo. Alilia. Nilimwambia sikujua kama ni uongo. Mimi nilidhani watoto wote wanafundishwa na mama zao nyumbani. Mwalimu akiuliza ubaoni pameandikwa nini, wenzangu wanajibu, nikajua wao mama zao wameshawashonea ubao wa darasani. Ndiyo maana nilikuwa nakaa chini ya meza ya kukatia. Nilikuwa nachagua vipande vizuri, navipanga, nangoja mama amalize nguo za watu anishonee na mimi.

Ni mimi,
Chiriku